Kusitiri Nyaraka: Jinsi Jina la Mtu Linavyoondolewa Bila Kuupoteza Ukweli

Kanoni ni kata mojawapo ya Wilaya ya Karagwe, katika Mkoa wa Kagera, kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Kama ilivyo katika sehemu nyingi za mkoa huo, maisha ya kaya huzunguka kibanja, yaani shamba la migomba lililochanganywa na mibuni na maharage, ambalo nyumba hujengwa ndani yake. Vibanja hupakana, njia za kwenda kisimani ni zile zile, na siku ya msiba majirani wote hukutana mahali pamoja. Kwa sababu hiyo watu hujuana sana. Jirani anajua nani ana ng'ombe wangapi, nani amefiwa na mume, mtoto wa nani anasoma Bukoba, na nani alikaa hospitali muda mrefu mwaka uliopita.

Ujuzi huo ni nguzo ya maisha ya ujirani mwema, na pasipo huo hapana mtu ambaye angesaidiwa siku ya shida. Lakini ujuzi huo huo ndio unaozusha swali gumu la kisayansi. Karatasi iliyoandikwa habari za kaya ikitoka kijijini na kuchapishwa ili isomwe na wote, ni kitu gani hakina budi kuondolewa ndani yake ili mwenye habari asitambulikane? Na ni kitu gani hakina budi kubakizwa ili habari yenyewe isipoteze maana?

Kazi hiyo huitwa kusitiri nyaraka. Wengi hudhani ni kazi ya karani mwenye kalamu nyeusi, naye akiisha kufuta majina amemaliza. Makala haya yanaeleza kwa nini sivyo, na jinsi hesabu zinazofundishwa katika shule za sekondari zinavyotumika kuyalinda maisha ya watu.

Utafiti wa kaya za Kagera

Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini Tanzania walionekana mkoani Kagera mwaka 1983. Katika miaka michache ugonjwa ulienea kwa kasi ya kutisha. Utafiti uliofanywa mwaka 1987 kwa watu wazima wa umri wa miaka 15 hadi 54 ulionyesha kwamba katika mji wa Bukoba asilimia 24.2 walikuwa na virusi vya ugonjwa huo, yaani karibu mtu mmoja katika kila wanne. Katika sehemu tatu za mashambani zilizopimwa, kiasi kilikuwa asilimia 10.0, 4.5 na 0.4. Wakati huo hapakuwa na dawa ya kurefusha maisha ya mgonjwa, na aliyeshukiwa kuwa na ugonjwa aliweza kutengwa na jamaa, kunyimwa kazi, au kunyang'anywa shamba alilorithi.

Katika hali hiyo ulianza, mwaka 1991, Utafiti wa Afya na Maendeleo wa Kagera, ulioendeshwa na Benki ya Dunia pamoja na wataalamu wa tiba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nia yake ilikuwa kujua kaya inapatwa na nini mtu mzima anapofariki: chakula kinapungua kwa kiasi gani, watoto wanaacha shule au hawaachi, na ni nani anayelima kibanja. Kaya zaidi ya 900 katika sehemu 51 za mkoa zilitembelewa mara kwa mara hadi mwaka 1994. Waliohojiwa walieleza magonjwa yao, vifo vya jamaa zao, madeni yao, mazao yao, hata fedha walizotumiwa na ndugu walioko mbali.

Mambo mawili katika utafiti huo yanapaswa kuangaliwa kwa makini.

Jambo la kwanza ni namna kaya zilivyochaguliwa. Kwa kuwa shabaha ilikuwa kupima athari za ugonjwa na vifo, kaya zilizokuwa na mtu mzima mgonjwa, au zilizofiwa karibuni, zilichaguliwa kwa wingi kuliko nyingine. Hivyo, hata kama asingejua jibu lolote lililoandikwa ndani ya hojaji, mtu aliyeijua tu orodha ya kaya zilizotembelewa alikuwa tayari amepata dokezo kuhusu yaliyomo katika nyumba za watu. Kuwamo katika orodha kulikuwa habari peke yake. Hii ndiyo sababu makala haya hayataji vijiji vilivyotembelewa, wala kama Kanoni ilikuwamo au haikuwamo.

Jambo la pili ni kwamba mwaka 2004, na tena mwaka 2010, watafiti walirudi kuwatafuta watu wale wale. Watoto wa mwaka 1991 walikuwa sasa watu wazima. Wengine walikuwa wamehamia mikoa mingine, na wengine wamevuka mpaka kuingia Uganda. Mwaka 2004 zaidi ya asilimia 90 ya kaya za awali zilipatikana tena, na kwa kuwa watu walikuwa wametawanyika na kujenga makazi yao, kaya zilizohojiwa zilizidi 2,700. Kazi hiyo isingewezekana kama majina yangekuwa yamechomwa moto mwaka 1994.

Hapa ndipo penye kiini cha suala zima. Jina linalohitajika ili mtu atafutwe baada ya miaka kumi ndilo jina linaloweza kumdhuru likivuja leo. Kwa hiyo kusitiri si kuangamiza. Ni kutenganisha. Majina huwekwa katika daftari moja, majibu katika daftari la pili, na katikati yao namba isiyo na maana kwa mtu wa nje. Daftari la majibu, likiisha kusafishwa, hutolewa kwa wataalamu wa dunia nzima. Daftari la majina hufungiwa kabatini, na ufunguo hukabidhiwa watu wachache wanaojulikana.

Jina ni habari ya kwanza, si ya mwisho

Ijapokuwa jina ndilo linaloondolewa kwanza, halipo peke yake. Kuna habari nyingine zinazomtaja mtu moja kwa moja: namba ya simu, namba ya kitambulisho cha taifa, namba ya kadi ya kliniki, picha ya uso. Hizi zote huondolewa pamoja. Hata kubadili jina kwa jina lingine la kubuni huhitaji uangalifu, kwa kuwa jina hubeba habari ndani yake. Katika Kagera, kwa mfano, majina mengi yanayoanza na Koku- ni ya wanawake. Anayeliondoa jina moja la namna hiyo na kuweka lingine la namna hiyo hiyo, amekwisha kusema kwamba anayezungumzwa ni mwanamke, na yamkini ni mwenyeji wa mkoa huo.

Lakini hatari iliyo kubwa zaidi iko katika habari zinazoonekana kuwa za kawaida. Mwaka 1997 Latanya Sweeney, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts nchini Marekani, alilithibitisha jambo hili kwa njia iliyowashtua wengi. Tume ya bima ya afya ya jimbo hilo ilikuwa imewapa watafiti kumbukumbu za matibabu za watumishi wapatao 135,000 wa serikali ya jimbo pamoja na jamaa zao. Majina na anwani vilikuwa vimeondolewa. Vilivyobakia, pamoja na maradhi na matibabu, ni tarehe ya kuzaliwa, jinsia, na namba ya posta ya mahali mtu anapoishi.

Sweeney alinunua kwa dola 20 daftari la wapigakura wa mji wa Cambridge, alikoishi William Weld, gavana wa jimbo. Daftari hilo lilikuwa na majina, na pia tarehe za kuzaliwa, jinsia na namba za posta. Akayalinganisha madaftari mawili. Watu sita katika mji walizaliwa tarehe moja na gavana. Watatu kati yao walikuwa wanaume. Mmoja tu aliishi katika eneo la namba yake ya posta. Kumbukumbu za matibabu za gavana zikawa zimepatikana bila kuvunja mlango wala kuiba faili. Katika hesabu zake za baadaye Sweeney alikadiria kwamba asilimia 87 ya wakazi wa Marekani wangeweza kutambulikana kwa mambo hayo matatu tu.

Huenda msomaji akaona kwamba mashambani hakuna hatari hiyo, kwa kuwa namba za posta hazitumiki sana, na daftari la wapigakura haliuzwi njiani. Ukweli ni kinyume chake. Mjini adui wa siri anahitaji daftari la pili. Kijijini daftari la pili limo vichwani mwa majirani, nalo ni kamili kuliko daftari lolote la serikali.

Hesabu ya kujificha katika kundi

Na ichukuliwe kaya ya kubuni katika kijiji cha kubuni chenye watu 2,000. Hojaji iliyofutwa jina inasema: mwanamke, umri miaka 41, mjane, mwalimu, watoto 5, ng'ombe 12. Wanawake kijijini ni kama 1,000. Wenye umri wa miaka 41 huenda wakawa 12. Wajane kati ya hao huenda wakawa 2. Mwalimu ni mmoja. Haikuhitajika hata kufika kwa watoto na ng'ombe: mtu amekwisha kujulikana.

Msomaji ataona kwamba kila sifa inayoongezwa hulipunguza kundi kwa kuligawa. Ndivyo mkusanyiko unavyokatwa na mkusanyiko mwingine katika hisabati za shule, mpaka katika sehemu inayobaki pawe na mwanachama mmoja tu. Tiba yake hutokana na hesabu hiyo hiyo. Sifa hupanuliwa ili kundi likue tena. Umri wa miaka 41 huandikwa "miaka 40 hadi 49". Mjane huandikwa "hana mume kwa sasa". Mwalimu huandikwa "mwenye kazi ya mshahara". Ng'ombe 12 huandikwa "10 na zaidi". Jina la kijiji huondolewa, ikabakia wilaya au mkoa. Kagera ilikuwa na watu karibu milioni 3 katika sensa ya mwaka 2022, na katika umati huo mwalimu wetu wa kubuni ana wenzake wengi wa kufanana naye.

Wataalamu wameweka kanuni: kila mtu katika waraka unaotolewa awe katika kundi la watu wasiopungua idadi fulani, iwe 5, 10 au zaidi, wanaofanana kwa sifa zote zinazoweza kujulikana na watu wa nje. Idadi hiyo hupewa herufi *k*. Kanuni hii ilielezwa na Pierangela Samarati na Sweeney mwaka 1998. Ni kanuni nzuri, lakini ina tundu. Ikiwa watu wote 5 wa kundi moja wana ugonjwa ule ule, kundi halimfichi mtu. Ajuaye kwamba jirani yake yumo katika kundi hilo, amekwisha kuujua ugonjwa wake, japo hajui mstari upi ni wake. Kwa hiyo haitoshi watu kufanana kwa sura. Yafaa pia watofautiane kwa siri.

Jedwali linalosema lililofutwa

Ofisi nyingi hazitoi orodha ya watu bali hutoa jedwali la jumla. Hilo nalo lina mtego wake. Na lichukuliwe jedwali la kubuni la watoto wanaotumia dawa fulani katika vijiji vinne vya kata moja:

Kijiji A: 12
Kijiji B: 9
Kijiji C: (imefutwa)
Kijiji D: 14
Jumla ya kata: 36

Karani mwangalifu ameona kwamba idadi ya Kijiji C ni ndogo mno, akaifuta. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza atajumlisha 12, 9 na 14 apate 35, kisha atatoa 35 katika 36. Mtoto ni mmoja, na kijijini kwake kila mtu anamjua mtoto anayepelekwa kliniki kila mwezi.

Ili kuziba tundu hilo, hapana budi kufuta angalau nafasi nyingine moja, mathalani ya Kijiji B, ili atakayetoa apate jumla ya vijiji viwili, yaani 10, bila kujua mgawanyo wake. Njia nyingine ni kuunganisha vijiji B na C kuwa mstari mmoja. Tena ni lazima karani akumbuke majedwali aliyoyatoa zamani. Kama mwezi uliopita alitangaza jumla ya 35 na mwezi huu 36, na katikati ya miezi hiyo familia moja tu imehamia katika kata, tofauti ya majedwali mawili imesema kile ambacho kila jedwali peke yake lilikinyamazia.

Mahali kwenye ramani

Siku hizi watafiti hupima mahali kwa chombo kipokeacho mawimbi ya satelaiti, nacho huonyesha nyumba ilipo kwa makosa ya mita chache tu. Vipimo hivyo vina faida kubwa. Vinaonyesha umbali wa zahanati, mwinuko wa ardhi, na mahali malaria inapokithiri. Lakini kipimo kinachoonyesha nyumba kimeonyesha na mwenye nyumba.

Katika mpango wa kimataifa wa uchunguzi wa hali ya watu na afya, ambao Tanzania imeshiriki kwa miaka mingi, njia inayotumika ni kuisogeza nukta. Kwanza nyumba zote za eneo moja la uchunguzi hupewa nukta moja ya katikati. Kisha nukta hiyo husogezwa kwa bahati nasibu, upande wowote, hadi kilomita 2 ikiwa ni mjini na hadi kilomita 5 ikiwa ni mashambani. Katika kila nukta 100 za mashambani, moja husogezwa hadi kilomita 10.

Mwanafunzi anaweza kukadiria ukubwa wa sitara hiyo kwa kanuni ya eneo la duara. Nusu kipenyo cha kilomita 5 kikizidishwa kwa chenyewe, kisha kwa 3.14, hupatikana kilomita za mraba 78.5. Eneo kama hilo katika vilima vya Karagwe lina vitongoji vingi. Mtafiti anayechunguza mvua au mwinuko wa ardhi hapotezi kitu kikubwa, kwani mvua haibadiliki sana katika kilomita 5. Lakini anayetafuta mlango wa mtu hataupata. Nukta moja katika mia inayokwenda mbali zaidi ina kazi yake: haruhusiwi yeyote kuwa na hakika kwamba mpaka wa kilomita 5 haukuvukwa.

Wino mweusi na karatasi inayosema

Hadi hapa imezungumzwa tarakimu. Lakini nyaraka nyingi ni za maneno: barua, kumbukumbu za mikutano, hukumu, ripoti za uchunguzi. Hapa kosa la kawaida ni kudhani kwamba kisichoonekana hakipo.

Karatasi iliyopakwa wino mweusi, ikishikwa dhidi ya mwanga wa jua, mara nyingi husomeka kwa upande wa nyuma. Alama za mashine ya taipu hubakia zimebonyea katika karatasi. Njia ya kuaminika ni kufanya kazi juu ya nakala, kamwe si juu ya waraka wenyewe: maneno hukatwa kwa wembe au kufunikwa kabisa kwa karatasi nzito, kisha nakala hiyo hunakiliwa tena kwa mashine, na ni nakala hiyo ya pili tu inayotolewa.

Katika kompyuta kosa ni lile lile kwa sura mpya. Mstari mweusi unaochorwa juu ya maneno haufuti maneno; huyafunika tu kama mkeka unavyofunika sakafu. Mwaka 2005 jeshi la Marekani lilitoa ripoti juu ya kuuawa kwa ofisa wa usalama wa Italia, Nicola Calipari, mjini Baghdad. Majina ya askari yalikuwa yamefunikwa kwa weusi. Wasomaji waliyanakili maneno yaliyofunikwa, wakayabandika katika ukurasa mwingine, na majina yakaonekana yote. Mwezi Januari mwaka 2019 wanasheria wa Paul Manafort, aliyewahi kuongoza kampeni ya urais nchini humo, walirudia kosa hilo hilo katika waraka waliouwasilisha mahakamani. Miaka 14 ilikuwa imepita na somo lilikuwa halijafika.

Zaidi ya hayo faili la kompyuta huwa na kumbukumbu zisizoonekana katika ukurasa: jina la mwandishi, tarehe, masahihisho yaliyotangulia, na katika picha huenda ikawamo mahali ilipopigwa. Dawa yake ni kuyafuta maneno yenyewe, si kuyafunika, kuondoa kumbukumbu hizo, kisha kumpa mtu mwingine faili lile ajaribu kulifichua kabla halijatoka ofisini. Aliyesitiri asiwe yeye tena mkaguzi wa sitara yake.

Sarafu inayotunza siri

Kuna njia moja yenye werevu wa pekee, kwa kuwa humlinda mtu kabla hata karatasi haijaandikwa. Ilielezwa na mtaalamu wa takwimu Stanley Warner mwaka 1965, na hapa inaletwa kwa namna rahisi inayoweza kufanywa darasani.

Mwalimu anataka kujua ni wanafunzi wangapi waliowahi kunakili jibu la mwenzao katika mtihani. Akiuliza waziwazi atadanganywa. Basi kila mwanafunzi arushe sarafu mahali asipoonekana. Ikiangukia upande wa kichwa, ajibu kweli. Ikiangukia upande wa pili, airushe tena, na safari hii kichwa kikitokea aandike "ndiyo", kisipotokea aandike "hapana", bila kujali ukweli ni upi.

Na ichukuliwe kwamba wanafunzi ni 200 na majibu ya "ndiyo" ni 80. Wapatao 100 walijibu kweli na wapatao 100 walijibu kwa sarafu. Kati ya hao wa sarafu, wapatao 50 walilazimika kusema "ndiyo". Zikitolewa 50 katika 80 hubaki 30, nazo zimetoka kwa watu 100 waliosema kweli. Kwa hiyo kadirio ni asilimia 30. Mwalimu ameijua hali ya shule, wala hajamjua mkosaji hata mmoja. Karatasi yenye "ndiyo" si ushahidi, kwani katika hizo 80, kama 35 zimeandikwa na watu wasio na kosa.

Sitara hii hununuliwa kwa bei. Kwa wanafunzi 200 kadirio huweza kupotoka, kwa kawaida, kwa kama asilimia 7 juu au chini. Kwa wanafunzi 20 hupotoka kwa kama 22, na hapo halifai kitu. Mwaka 2006 Cynthia Dwork na wenzake waliieleza kwa hisabati kamili bei hiyo: ni kiasi gani cha bahati nasibu kiongezwe katika tarakimu ili kuwamo au kutokuwamo kwa mtu mmoja kusibadilishe matokeo kwa kiasi cha kutambulika. Kanuni zao zilitumika katika kutoa takwimu za sensa ya Marekani ya mwaka 2020.

Hasara ya kutositiri, na hasara ya kufuta mno

Yafaa kukumbuka kwamba neno moja katika waraka laweza kuwa hukumu. Ng'ambo ya Mto Kagera, magharibi mwa Karagwe, iko nchi ya Rwanda. Vitambulisho vilivyoanzishwa huko katika miaka ya 1930, wakati wa utawala wa Wabelgiji, vilikuwa na nafasi ya kuandika kama mwenye nacho ni Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Mwaka 1994, katika vizuizi vya barabarani, neno hilo moja lilitosha kumwua mtu. Wakimbizi waliovuka mpaka mwaka huo kuingia Ngara na Karagwe waliijua thamani ya mstari mtupu katika karatasi kuliko mtaalamu yeyote.

Lakini kufuta kila kitu nako si usalama. Mwaka 2010 wataalamu Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon walichapisha uchambuzi wa watoto 718 wa utafiti wa Kagera, ambao wazazi wao walikuwa hai walipohojiwa mara ya kwanza, nao wakatafutwa tena mwaka 2004. Ilionekana kwamba mtoto aliyefiwa na mama kabla ya kutimiza miaka 15 alikuja kuwa mfupi kwa kama sentimita 2 alipofikia utu uzima, na alikuwa na upungufu wa kama mwaka mmoja wa masomo. Kama umri wa watoto hao, urefu wao, na mwaka wa kufiwa vingefutwa kwa woga, msiba huo ungebaki kuwa kilio cha kila nyumba peke yake, wala usingekuwa ushahidi wa kuwekwa mbele ya wapanga mipango.

Ndiyo maana sheria za nchi zinashikilia pande zote mbili. Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015 inazuia kutolewa kwa takwimu zinazomtambulisha mtu aliyezitoa. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya majibu ya kipimo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kwa upande mwingine, sheria ya mwaka 2016 juu ya upatikanaji wa taarifa inampa mwananchi haki ya kuomba nyaraka za ofisi za umma, ila faragha ya mtu ni miongoni mwa mambo yanayoweza kuzuia utoaji. Kusitiri ndiko kunakoziwezesha haki hizo mbili kukaa katika ukurasa mmoja.

Zoezi kwa madarasa

Matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanayotangazwa na Baraza la Mitihani huonyesha namba ya mtahiniwa na jinsia yake badala ya jina. Wanafunzi wa sekondari, wa Kanoni na wa kwingineko, wanaweza kuyachunguza maswali yafuatayo kwa mujibu wa yaliyoelezwa hapo juu.

Moja: ikiwa shule ilikuwa na watahiniwa 40 na msichana mmoja tu, namba yake inamfichia nini?

Mbili: mwanafunzi aliyeketi dawati moja na mtahiniwa na kuiona namba yake ana daftari gani la pili?

Tatu: kama masomo yote yangefutwa ikabakia daraja la jumla tu, mwalimu wa fizikia wa mkoa angepoteza habari gani anayoihitaji ili kujua ni shule zipi zina upungufu wa maabara?

Nne: jedwali la namna gani lingempa mwalimu huyo anachokihitaji, bila kumwanika msichana yule?

Swali la nne ndilo kazi yenyewe ya kusitiri, na halina jibu moja. Anayelijibu hana budi kujua hesabu, na hana budi kujua kijiji.